Mbio za Vigari Vikuukuu

3 Februari

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, kwa hiyo tuendelee. Sisi huku wazima. Goti la mama yako limetulia tangu alipoacha kubishana na ngazi za sokoni. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama bado unakonda. Masikio yangu ndiyo yale yale: kugonga bati maisha yote kumenifanya nisikie nyundo hata karakana ikiwa imefungwa, na simu kwangu ni mbu ndani ya kopo. Ndiyo maana nakuandikia. Mdogo wako naye anakusalimu sana. Siku hizi hata mimi namwita Mkate kama mji mzima unavyomwita. Anayesambaza mikate hana namna.

Sasa lililoniketisha chini. Nataka kuanzisha mbio za magari. Usicheke kwanza.

Chama cha mbio kipo hapa mjini, lakini magari yao yana bei ya nyumba, na sisi wengine tunayatazama kwa juu ya ukuta. Huku nyuma ya kila karakana kuna vigari vidogo vya zamani, vile vilivyotufundisha wote kuendesha, na sasa kuku wanatagia humo. Nikichukua kimoja, nikang'oa viti, nikachomelea fremu ya mabomba ndani, mwalimu au seremala anaweza kushindana nacho bila kuuza kiwanja. Vijana wetu tayari wanashindana, ila wanashindana kwenye barabara ya mchepuo, Jumapili alfajiri, na malori yakija mbele yao.

Wewe kazi yako ni kuyatazama magari yaliyogongwa na kuiambia kampuni ya bima yameharibika kiasi gani. Katika ukoo wetu hakuna anayejua kama wewe jinsi gari linavyoumiza mtu. Niandikie basi: kigari kiwe na nini ili dereva akigonga atoke akitembea? Na siku ikifika, uje ukikague kila kimoja kwa macho yako.

Ni mimi mjomba wako, asiyesikia lakini anaona.


21 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika ikinuka rangi ya kupulizia mpaka karani wetu akafungua dirisha. Mimi mzima, na mwambie mkaza mjomba sikondi. Ni nguo ndizo zinazonenepa. Mvua haijaacha wiki nzima na uwanja wa nyuma ya ofisi umejaa magari. Natembea katikati yake na buti na kalamu, nikirudi nyumbani nakaa kwenye kiti bila kuwasha redio.

Kuhusu mbio, kwa heshima zote, hapana. Watu ninaowafanyia kazi hawafiki mezani kwangu. Yanafika magari yao. Siwezi kukaa nikaandika namna ya kuwaongezea foleni.

Lakini kuna jingine. Nilimpigia mama asubuhi, saa nne, nikaomba kuongea na Mkate. Akasema amelala. Siku ya pili nikapiga saa ile ile, amelala. Mtu anayemwamsha jogoo ili awahi tanuri, tangu lini analala saa nne? Nikauliza kama anaumwa. Mama akasema, "Mwanangu, simu inakatika," na papo hapo ikakatika. Mtandao huo unamtii kweli.

Wewe nawe umeniandikia kurasa mbili, yeye hana hata mstari. Mwambie aandike, hata kama ni kuniomba kitu.

Mpwa wako.


14 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Harufu ya rangi unisamehe. Meza ya kuandikia na meza ya kupulizia hapa ni moja. Mama yako juzi kanifokea kwa kuingia na matope sebuleni, ndipo nikajua hajambo kabisa. Mkate amebanwa kidogo. Ataandika akipata nafasi.

Nilikwenda kumwona Mwenyekiti wa chama cha mbio. Ni mwanasheria, mtu mzuri, ila amezoea kuongea na watu wakiwa wamesimama, yeye amekaa. Nikavuta kiti mwenyewe. Nilipomaliza maelezo yangu akasema, "Fundi, mbio ni mchezo wa gharama. Ukiushusha bei, unashusha na usalama."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, wale wa mchepuo hawalipi kitu. Usalama wao uko wapi?"

"Wale ni wahuni. Si wanachama wangu."

"Wahuni hao ndio wanaokuletea mkate mlangoni."

Akaitazama peni yake. Halafu akasema akiona kanuni zilizoandikwa na mtu anayejua, atazisoma. Sijamwomba zaidi. Halmashauri nayo imekubali tutumie kile kiwanja cha ndege cha zamani, mradi majani tuyafyeke wenyewe. Lami yake bado inafaa, na hakuna mti wala ukuta karibu.

Gari la kuanzia ninalo tayari. Ni kigari cheupe, kizee, injini yake inaimba. Pua imekunjika yote, nguzo ya mbele upande wa dereva imerudi mpaka kwenye usukani, pedali zimepanda juu. Mlango mmoja tu ndio uliopona, nao una mchoro wa kuchekesha. Nitakata mbele yote na kuunga pua ya gari jingine. Kazi hiyo naiweza nikiwa nimefumba macho. Fremu ya ndani ndiyo inayonihitaji nijue, na anayejua ni wewe.

Mjomba wako.


26 Machi

Mjomba,

Nguzo ikirudi mpaka kwenye usukani na pedali zikapanda juu, dereva amevunjika paja au hayupo. Hilo nimeliandika mara nyingi mno kulipita bila kuliona. Na huo mchoro wa kuchekesha naujua, kwa sababu nimeuchora mimi: mkate wenye miguu unakimbia. Nilimchorea siku alipopata ile kazi.

Nilimpigia mama nikamwambia leo mtandao hautakatika. Amenieleza yote. Kwamba alikuwa akishindana na wenzake kwenye mchepuo, kwamba lilikuja lori, kwamba aliliepa akaingia kwenye kalvati, kwamba wamemwekea chuma kwenye paja na amelala tangu Januari. Wewe wakati huo unaniandikia "Mkate amebanwa kidogo."

Mnanificha kama mtoto. Nilikuwa nikipita kati ya magari ya watu wengine huku la ndugu yangu limelala karakanani kwako, na unaniomba ushauri juu yake kama vile umeliokota.

Kanuni sitaandika. Salamu zangu ni za mama, mkaza mjomba na mgonjwa.


9 Mei

Mpwa wangu,

Nimekawia kwa sababu barua yako niliiweka mfukoni nikawa natembea nayo. Kila nilipotaka kujibu niliisoma tena, na kila nilipoisoma nilikuta uko sahihi.

Kwanza habari njema. Mkate ameanza kutembea kwa magongo. Anagonga kila kitu ndani ya nyumba, na mama yako anasema bora alipokuwa kitandani. Chakula anakula cha watu wawili.

Nilikuficha kwa sababu mama yako aliniomba. Alisema, "Tangu alipolikagua lile basi dogo la ajali mwaka juzi, binti yangu hashiki usukani tena. Ukimwambia na hili, hatavuka hata barabara." Ulidhani hatujui. Tunajua kwamba gari lako uliliuza na kwamba kazini unakwenda na basi. Kwa hiyo wewe ulitufichia lako na sisi tukakufichia letu, kama watoto wanaocheza kujificha ambapo wote wamejificha na hakuna wa kutafuta.

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Wenzake Mkate waliacha kwa wiki chache tu. Jumapili iliyopita nimewakuta tena mchepuo. Nilikwenda kukaa naye nikamwambia, ukipona utatulia. Akatazama dari. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akasema, "Basi mjomba, nitafutie dawa isiyopitia sikioni."

Nilimkataza mimi, akamkataza mama yako, daktari naye akamkataza kwa lugha ya kitaalamu. Tumetwanga maji. Nimemwomba akuandikie mwenyewe, na karatasi yake iko humu ndani. Sijaisoma, ingawa ameikunja vibaya na ningeweza.

Mjomba wako.

*Dada, pole kwa kukuficha. Sitaki kukudanganya mara ya pili. Mguu ukipona nitaendesha, najijua. Kama hakuna kwingine nitarudi kule kule. Nisaidieni niwe na kwingine. Mdogo wako.*


28 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia Mkate amevunja taa ya sebuleni kwa gongo. Nimefurahi sana, ingawa taa ile niliinunua mimi.

Ni kweli, siendeshi. Siku ya lile basi dogo nilikagua kiti kwa kiti, nikamaliza kazi vizuri, nikaingia kwenye gari langu na mikono ikakataa. Sikulia wala nini. Mikono tu haikutaka. Sikuwaambia kwa sababu ningemwambiaje mama kwamba mkadiriaji wa ajali anaogopa kugeuza ufunguo.

Karatasi ya Mkate nimeisoma nikiwa kwenye basi, nikapita kituo changu. Kisha nimekaa nikaandika unachotaka. Kanuni zenyewe nimezipiga chapa kando, umpelekee Mwenyekiti. Hapa nakueleza sababu zake, kwa kuwa fundi asiyejua sababu atatafuta njia ya mkato, na nyie mafundi nawajua.

Bomba la fremu likunjwe baridi, kwa mashine. Ukilikunja kwa moto, litavunjika pale pale ulipolichemsha. Miguu ya fremu isisimame juu ya sakafu yenye kutu. Kata, weka bati jipya, ndipo uchomelee, maana fremu imara juu ya sakafu iliyooza ni nyumba iliyojengwa juu ya uji. Vioo vyote vitoke. Dirisha la dereva liwekwe wavu, kwa sababu gari likipinduka mkono hutoka nje wenyewe, na huko haurudi. Mikanda ipite mabega yote mawili. Tangi la mafuta likae mbali na bampa.

Halafu injini isiguswe na mtu. Iwe ndogo, ya kiwandani, kama ilivyozaliwa, na matairi yawe ya aina moja kwa wote, yale ya kawaida. Na hii ndiyo itakayowazuia wenye pesa: mshindi akiombwa auze gari lake kwa bei ndogo iliyopangwa kabla ya mbio, asiweze kukataa. Hakuna atakayemwaga mali kwenye gari ambalo jirani anaweza kuondoka nalo jioni kwa bei ya baiskeli.

Mpwa wako.


17 Julai

Mpwa wangu, marahaba sana.

Mwenyekiti alisoma kanuni zako akiwa amekaa. Alipofika kwenye ile ya kuuza gari la mshindi alisimama. Akasema, "Nani kaandika hii?" Nikasema mpwa wangu. Akaniuliza kama umesomea sheria. Nikamwambia umesomea vyuma vilivyokunjika.

Amekubali. Chama kitatupa gari la wagonjwa, vizima moto na watu wa bendera. Tumeshapata vigari kumi na kimoja. Seremala ana kimoja, fundi cherehani na mumewe wana kimoja wanachogombania nani aendeshe, na mwalimu wa kemia wa sekondari, mama wa miwani mikubwa, amechomelea fremu yake mwenyewe baada ya mimi kumwonyesha mara moja. Wale wa mchepuo wamekuja watano. Walianza kwa kucheka, sasa wanagombania mashine ya kukunja mabomba. Jumapili hii mchepuo haukuwa na mtu, walikuwa wamelala chini ya magari yao.

Mkate ameacha magongo. Anakitengeneza kile kigari chake cheupe.

Mama yako haongei na mimi. Ananipitishia sukari kwa mkono wa mkaza mjomba wako. Anasema nimeuguza mtoto wake ili nimrudishie mauti kwa mkono wangu. Naweza kuwa nimekosea, na hakuna atakayelijua hilo mpaka siku yenyewe.

Mwenyekiti ana sharti moja: kila gari litiwe saini na mkaguzi anayetambulika. Mbio ni Jumapili ya pili ya Septemba. Nilikuuliza Februari ukasema hapana. Nakuuliza tena.


2 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nitafika Jumamosi, nikague. Jumapili asubuhi nitaondoka na basi la kwanza, kabla ya mbio. Tafadhali usinibembeleze nibaki.

Mwambie Mkate nitamkagua kama mtu nisiyemjua.


20 Septemba

Mpwa wangu,

Najua mama yako alikupigia simu ukiwa bado njiani. Lakini mama yako alikuwa amezipa mbio mgongo, kwa hiyo ushahidi wake hauna uzito. Wacha nikueleze mimi niliyekuwa natazama.

Kwanza, Jumamosi ile. Ulipoyakataa magari manne, watu walinitazama mimi kana kwamba nimekuzaa. Ulipomkataa Mkate kwa sababu mguu wa kushoto wa fremu umechomelewa juu ya kutu, alikuja kwangu amenuna. "Ametumia nyundo," akasema, "amegonga mara moja tu na kipande kimeanguka." Nikamwambia ashukuru kimeanguka kigari kikiwa kimesimama. Tulikata sakafu tukaweka bati jipya, na wewe ukaja ukagonga tena, kisha ukasaini bila kumwangalia usoni. Nilikuona ulipogeuka, nikajifanya natafuta spana.

Jumapili watu walijaa kuliko tulivyodhani. Mama yako alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka mbali na sisi, akakaa akiitazama barabara ya kurudi mjini. Vigari vikapangwa, hata vile vinne vilivyorekebishwa ukavisaini. Ungeviona, mpwa wangu, vina rangi za milango tofauti tofauti kama nguo za viraka. Bendera ikashuka navyo vikaondoka vyote pamoja, taratibu kiasi kwamba watu wakaanza kucheka, na vilipofika kona ya kwanza vimebanana vyote kumi na kimoja hakuna aliyecheka tena. Vilikuwa vikipitana kila mzunguko. Mwalimu wa kemia anaingia kona kama anafuta ubao.

Mkate alikuwa wa tatu. Kwenye kona ya mbali, pale lami inapokwisha na changarawe inapoanza, gurudumu lake la nyuma lilitoka nje.

Mimi sikusikia kitu. Niliona vichwa vyote vinageuka upande mmoja. Nilipogeuka na mimi kigari cheupe kilikuwa tayari kinabingirika, kikasimama juu ya paa lake, magurudumu yanazunguka hewani. Nilichowaza ni kwamba nitamwambia nini dada yangu, na nilipotazama kiti chake, hakikuwa na mtu. Alikuwa amenipita anakimbia, na goti lile.

Nilipofika, watu wa vizima moto walikuwa wamemzuia asiingize mikono. Mkate alikuwa ananing'inia kichwa chini, mikanda imemshika kama nguo kwenye kamba. Mama yako akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wake. Midomo yao naisoma vizuri kuliko ninavyosikia.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia, mama. Ila damu yote imekuja kichwani."

Wakamfungua, akatoka kwa magoti, akasimama. Mama yako akampapasa ule mguu kuanzia nyonga mpaka kisigino, kama anayechagua kuku, akaurudia tena mara ya pili. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye changarawe, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka machozi yakaja kweli.

Baadaye aliniuliza, maneno ya kwanza tangu mwezi wa sita, "Mabomba haya umeweka wewe?"

Nikamwambia, "Nimechomelea mimi. Binti yako ndiye aliyenirudisha nikachomelee upya."

Akatikisa kichwa. Akamwambia Mkate, "Nenda kageuze kiti changu kitazame huku." Akakaa akatazama mpaka mwisho, na kwenye mzunguko wa mwisho alikuwa amesimama juu ya kiti chenyewe akimshangilia Mwalimu, ambaye hamjui hata kidogo.

Mwalimu alishinda. Hajamaliza kuvua kofia, Mwenyekiti akaja na bahasha mkononi akataka kununua gari lake, kwa kanuni yako. Akauziwa. Mwalimu anatengeneza jingine, na Mwenyekiti ameniomba nimfundishe gia zake.

Sasa chama kinataka taarifa rasmi ya kigari kilichopinduka, iliyoandikwa na mkaguzi, iwekwe kwenye kumbukumbu. Nimekutumia picha na vipimo. Iandike kama unavyoandika za kazini.

Mjomba wako.


5 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Mama aliponipigia basi lilikuwa limesimama watu wachimbe dawa. Alisema maneno matatu: "Kimepinduka, katoka, anakula." Nikamwomba arudie. Akarudia kwa utaratibu ule ule. Nilicheka mpaka abiria wa pembeni yangu akahamia kiti cha nyuma, na sikuweza kumweleza. Nililala njia nzima iliyobaki, mimi ambaye kwenye basi huwa nakaa nikimhesabia dereva breki.

Mwakani nikija nitabaki mpaka Jumapili. Nitakaa na mama, tutazame upande mmoja. Usukani bado, mjomba. Lakini juzi bosi wangu aliniachia funguo nimsogezee gari uwanjani, nikalisogeza. Ni mwendo wa chumba kimoja hadi kingine. Usimwambie mama, atafanya sherehe.

Taarifa uliyoiomba ninaiambatisha. Fomu zetu unazijua, zinaanza na vyuma na kumalizikia kwa mtu, na pale kwenye mtu ndipo huwa nasimama nikaenda dirishani kwanza. Safari hii sikusimama. Nimeandika hivi:

*Paa: limebonyea sentimita mbili, fremu haijapinda. Nguzo za mbele: nzima. Mlango wa kulia: haufai. Sakafu, mguu wa fremu wa kushoto: umeshika. Wavu wa dirisha: umeshika. Mikanda: imeshika. Thamani ya gari: ndogo sana.*

*Hali ya dereva: mzima.*

Nilikaa nalitazama neno hilo mpaka chai ikapoa. Halafu nikapiga muhuri.

Mpwa wako.